Mwezi Unang'aa kwa Mwanga Wa…

Zamani ugunduzi ulikuwa na mwenyewe. Mtu akivumbua jambo ulijua jina lake, ulijua kama ana ndevu au hana, na ukiwa na ujasiri ulimwandikia barua pepe, naye akakujibu baada ya muda akiomba radhi kwa kuchelewa.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kidogo habari ya kile kigae ilipotufikia. Wanahisabati walikuwa wamehangaika miaka mingi wakitafuta umbo moja tu ambalo ukilipanga, nakala kwa nakala, litafunika sakafu isiyo na mwisho, pasipo pengo, na ruwaza yake isijirudie kamwe kama zinavyojirudia za vigae vya bafuni. Aliyelipata hakuwa profesa. Alikuwa mstaafu mmoja huko Uingereza aliyependa kuchezea maumbo. Alikata karatasi, akazipanga mezani, akaona zinakataa kurudia. Mimi na Mwalimu Leopold Mkude tulikata umbo lile kwenye maboksi ya sabuni, tukalipanga sakafuni mwa studio yetu ya redio, chumba kimoja chenye magodoro ukutani ya kuzuia mwangwi. Kipindi cha wiki ile kilikuwa mkwaruzo wa maboksi na Mwalimu akicheka. "Sikudhani!" alisema hewani, na wasikilizaji wote chini ya milima ya Uluguru wakajua mzee ameshangaa. Kumbe alikuwa ananiita kwa jina langu nimletee gundi.

Kipindi chetu kiliitwa Kwa Nini. Kabla sijawa msaidizi wake nilikuwa msikilizaji wake, na kabla ya hapo mwanafunzi wake. Nakumbuka jioni aliyoeleza habari ya mashimo meusi mawili yaliyogongana kabla dunia haijapata mnyama hata mmoja, yakatikisa anga lenyewe, na mtikisiko ule ukasafiri hadi kutufikia sisi ukiwa umefifia mno, ila kuna watu walikuwa wametega vyombo vyao na kuusikia. Mama aliacha kupepeta mchele. "Na hao watu," aliuliza, "walijuaje wategee nini?" Hilo ndilo swali lililonifanya niipende kazi hii.

Leo nakaribia sitini, Mwalimu yuko udongoni, na ugunduzi hauna mwenyewe. Unaletwa na Mtambo, ile akili mnemba, kila Jumatatu, furushi zima, pamoja na uthibitisho wake. Watu wa mji wetu wameubandika jina la Bwana Najua.

Mimi ni mfafanuzi wa kata. Furushi likishuka, nachagua lile linalotuhusu, nalisoma mpaka nilielewe, kisha naliendea Baraza la Kueleweka: raia watano waliopigiwa kura ya bahati, wasio na mgonjwa wala biashara katika jambo lenyewe. Nawaeleza. Watatu kati yao wakiweza kulirudisha kwa maneno yao wenyewe, Mwenyekiti anagonga muhuri na jambo linaruhusiwa kutumika kwetu. Wasipoweza, linabaki kwenye furushi. Vijana wanaiona sheria hii ya kizee. Ni kwa sababu hawakuliona bonde la Lukwasa.

Lukwasa walipewa vijidudu vya udongo. Mtambo ulivibuni, mpunga ukazaa mara mbili, na walipoulizwa wanakijiji kama wanakubali, walikubali wote, kwa shangwe. Hakuna aliyejua kwa nini vinafanya kazi, vilifanya, basi. Misimu michache baadaye hapakuota mpunga wala magugu, na mpaka leo ukipita kule unaona udongo mtupu wa rangi ya majivu. Mwalimu Mkude alitembea nchi nzima baada ya hapo akidai neno moja liingizwe kwenye sheria. Hakutaka "wakubali". Alitaka "waelewe".

*

Jumatatu niliyokuwa nikiiomba miaka yote ilifika na dawa ya selimundu.

Sikusoma mengine. Nilifunga mlango wa ofisi, nikakaa, nikasoma mpaka chai ikapoa. Tiba ya kuhariri jeni ipo tangu ujana wangu, lakini ina maandalizi makali ya kuchoma uboho wa mifupa kwa dawa, na wako ambao miili yao haiwezi kuyastahimili. Mmoja wao ni Tausi, binti wa mdogo wangu Shomari, anayeishi nami tangu mama yake afariki. Ana miaka kumi na sita. Nimeshamsikia akilia kwa maumivu ya mifupa hadi sauti inamwishia, na nimeshasimama mlangoni mwake nisijue pa kuweka mikono.

Dawa hii ilikuwa sindano moja tu, ya maisha.

Ugonjwa wenyewe naweza kumweleza yeyote. Ndani ya chembe nyekundu ya damu mna himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba hewa na kuishusha inakohitajika. Ya mgonjwa wa selimundu ina kosa dogo mno: ikishashusha mzigo, inanata kwa mwenzake, na mwenzake kwa mwingine, mpaka zinakuwa fimbo ndefu zinazoipinda chembe mfano wa mundu. Chembe zilizopinda zinaziba mishipa, na hapo ndipo maumivu. Dawa mpya ni protini ndogo inayokaa palepale penye kunata. Mpaka hapo nilielewa kila neno, na nilikuwa nikitabasamu peke yangu.

Halafu nikafika kwenye kurasa za usalama. Protini hii ikishaingia mwilini haitoki. Hukaa daima, na kwa mwanamke hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni, na kwa mtoto wa mtoto huyo akiwa wa kike. Uthibitisho unasema haitajikunja umbo jingine kamwe wala kunata pengine popote. Uthibitisho ulikuwa umehakikiwa hatua kwa hatua na mitambo mingine, na hapakuwa na kosa. Mimi pia nilichukua hatua kadhaa nikazipima, zikawa sawa. Lakini kupima hatua si kuelewa. Ukiwa mji wa ugeni, mtu anaweza kukuelekeza kwa simu, pinda kushoto, sasa kulia, ukafika salama nyumba unayoitafuta, na bado ukiambiwa uchore ramani ya mji huna hata mstari mmoja.

Nikauuliza Mtambo: kwa nini haitajikunja?

Ulinijibu kwa Kiswahili kizuri, wenyewe hauna haraka wala kiburi. Ulinipa mfano. Nikauliza tena kwa nini, ukanipa mfano mwingine, mzuri kuliko wa kwanza. Mara ya tatu ukanitengenezea somo zima la Baraza, tayari, lenye mfano wa chapati na mafuta, na chini yake ukaandika: maelezo haya yana nafasi kubwa ya kukubalika.

"Kukubalika au kueleweka?" niliuliza.

"Kwa kumbukumbu za mabaraza yaliyopita," ulijibu, "sijaona tofauti kati ya hayo mawili."

Na kulikuwa na ushauri wa ziada. Inapendekezwa mfafanuzi aache silabi ya mwisho ya maneno muhimu, ili wajumbe waimalizie. Mabaraza yaliyoendeshwa hivyo hutoa kibali mara nyingi zaidi. Nilicheka, kisha nikaacha. Bwana Najua alikuwa ametusikiliza miaka yote, akatujua hadi tunavyofundishana.

*

Kila aliyesoma shule zetu anaijua ile namna. Mwalimu anaanza neno, darasa linalimaliza. Mji mkuu wa Tanzania ni Dodo…? Maaa! Maji huchemka yanapopata jo…? Tooo! Nilikuwa naipenda kuliko kitu chochote. Ilikuwa raha ya kuimba, watoto zaidi ya sitini tumebanana kwenye madawati, na hata aliyelala alidakia mwisho.

Mwalimu Mkude alitufundisha hivyo darasa la nne lote. Darasa la tano, asubuhi moja, alisimama mbele akasema: "Jua hutoa mwanga wake lenye…?"

"Weee!"

"Na mwezi unang'aa kwa mwanga wa…?"

"Keee!" tuliitika, chumba kizima, kwa furaha.

Alitutazama, kisha akaketi, jambo ambalo hakulifanya kamwe akiwa anafundisha. Wiki nzima iliyopita alikuwa ametufundisha kwamba mwezi hauna mwanga wake, unaazima wa jua. Tulikuwa tumeandika. Tulikuwa tumeulizwa na kujibu. Lakini ulimi wa Mswahili ukiachiwa "mwanga wa" mbele yake, unamalizia "ke" wenyewe, wala hauhitaji kupita kichwani.

Alitufungisha madirisha, akawasha kandili, akampa mwenzetu Chausiku chungwa alishike, akatuzungusha mmoja mmoja tuone upande wa chungwa unaowaka na upande wenye giza. Tulikosa hata mapumziko, na hakuna aliyelalamika. "Kosa ni langu," alisema akituachia. "Nilikuwa nawafundisha kumaliza maneno yangu." Tangu siku ile hakuwahi kuacha neno kiporo, si darasani si redioni. Nami nilipoanza kazi nilifuata mwendo wake, kisha miaka ikapita, mabaraza yakawa mengi, watu wakawa wamechoka, na nikajikuta nimeurudia ule wimbo wa zamani kwa sababu unachangamsha. Sikuwa na hila. Niliupenda tu.

*

Nilipika chapati jioni ile. Tausi alikaa kwenye stuli jikoni, chupa ya maji ya moto pajani, akizipaka mafuta nikizishusha. Habari za dawa alikuwa nazo. Ziko mikononi mwa kila mtu.

"Shangazi, inafanyaje kazi?"

Nikamwonyesha. Chapati ukizipanga juu kwa juu bila mafuta zinagandana, ukivuta moja zinakuja tatu. Ukipaka, kila moja inateleza kwa mwenzake. Dawa ndiyo mafuta.

Aliangalia mikono yake inavyong'aa. "Sasa haya yanayobaki mkononi yanakwenda wapi?"

Nikageuza chapati isiyohitaji kugeuzwa. "Hayaendi popote. Yanabaki. Uthibitisho unasema hayatamdhuru mtu."

"Kwa nini?"

"Sijui."

"Wewe hujui?"

"Mimi sijui, na sijampata anayejua."

"Hata Bwana Najua?"

"Yeye anajua kwamba hayadhuru. Ile 'kwa nini' hawezi kuisema ikaingia kichwani mwa mtu."

Alipaka mbili zaidi. Tausi si mtoto wa kulialia. Ana mzaha wa baba yake, na ukimpa habari nusu anakununia siku mbili. "Mimi ningeichoma," akasema. "Hata leo. Nikishamaliza chapati."

Shomari alipiga simu baada ya chakula, kutoka Ifakara anakofanya kazi. Alizunguka, akauliza mvua, akauliza goti langu.

"Dada," hatimaye alisema, "wewe Mungu amekupa ulimi. Hujawahi kushindwa kumwelewesha mtu."

"Hili sijalielewa mimi mwenyewe, Shomari."

"Wao watajuaje?"

Sikumkasirikia, na sijamkasirikia mpaka leo. Kama angekuwa amesema upumbavu ningelala vizuri zaidi.

*

Ukumbi wa kata una mapangaboi matatu na linalozunguka ni moja, basi wajumbe watano walikuwa wamesogeza viti vyote chini yake. Mwenyekiti, Bi Rukonge, mkunga mstaafu mwenye sauti ya kutuliza ng'ombe, alikuwa ameweka muhuri juu ya kitambaa mezani. Wajumbe nilikuwa nimeshawafahamu. Eufrasia anashona sare za shule. Mzee Kibwana alikuwa dereva wa treni. Wengine watatu, vijana wawili na mama mmoja wa duka, walikuwa wanyamavu.

Nilianza na damu. Sijui niseme nilikusudia au ulimi wangu ulikwenda na mazoea.

"Himoglobini inabeba he…?"

"Waaa," walisema, kisha wakachekeana. Mzee Kibwana alicheka hadi akavua miwani. Nikawaona wamerudi kwenye madawati yao, kila mmoja na shule yake, mwalimu wake, harufu yake ya chaki. Nami nilirudi kwangu. Ukumbi wote ukawa na furaha ambayo sijui niliipata lini mara ya mwisho. Niliwapa mundu, wakaumaliza. Niliwapa fimbo zinazonata, niliwapa chapati, na mama wa duka akaongezea mwenyewe kwamba hata ubwabwa hivyo hivyo. Walikuwa wameelewa kweli. Mpaka hapo, nawaapia, lilikuwa somo zuri kuliko yote niliyowahi kutoa.

Nikafika kwenye kurasa za usalama, na sikupunguza mwendo.

"Dawa hii haitoki mwilini. Inabaki dai…?"

"Maaa."

"Inapita kwa mama hadi kwa mto…?"

"Tooo."

"Lakini imethibitishwa kwamba haiwezi kumdhu…?"

"Ruuu!"

Hawakuwa wamesita. Sentensi ilikuwa inawangojea mwisho wake, nao wakaupa.

Bi Rukonge aliuliza nani yuko tayari kurudisha. Kijana mmoja alisimama, akarudisha vizuri: himoglobini, kunata, chapati, mafuta, haidhuru. Eufrasia akarudisha, akatumia uzi wenye nta badala ya mafuta, akamaliza: haidhuru. Mzee Kibwana akasema magurudumu na grisi, na haidhuru. Watatu. Kila mmoja kwa maneno yake mwenyewe, ila neno la mwisho. Lile lilikuwa langu, na mimi nililitoa kwa Mtambo.

Mwenyekiti alichukua muhuri.

Nilimwona Tausi mbele yangu, jikoni, mikono inang'aa. Sindano ile ingekuwa hospitali ya mkoa kabla mwezi haujaisha. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, na kukaa kimya si uongo, hakuna sheria inayosema mfafanuzi akinyamaza amekosa. Na pengine Mtambo ulikuwa sahihi. Nadhani ulikuwa sahihi. Nataka ulijue hilo wewe unayesoma: sikuwa nawaokoa na sumu ninayoijua.

"Mwenyekiti," nikasema, "naomba swali moja kabla."

Akashusha mkono.

Niliwageukia. Nilitumia sauti ileile ya furaha, na ilinigharimu. "Ndugu zangu. Mtu anayejua kwa nini dawa hii haidhuru ni mi…?"

"Miii!" wakaitika wote watano.

Nikangoja. Pangaboi lilizunguka. Nilimwona Eufrasia akianza kusikia alichosema. Kinywa chake kilibaki wazi kidogo. Halafu Mzee Kibwana.

"Ni wewe, Mzee Kibwana?" nilimuuliza kwa upole. "Unajua kwa nini?"

"Hapana," alisema. "Nilidhani nasema wewe."

"Mimi sijui. Nimesoma kurasa zote. Nimeuuliza Mtambo mara tatu. Sijui, na hakuna mtu yeyote hai anayejua."

Sikufurahia kuwanasa. Nilitaka kuwakumbatia. Kila mmoja alikuwa amesema "mimi" kwa roho safi, kama sisi tulivyosema "wake" chini ya macho ya Mwalimu, na sasa walikuwa wanajitazama mikono.

Eufrasia ndiye aliyeanza. "Bi Sikudhani, wewe si una binti nyumbani?"

"Ninaye."

"Anaumwa hii hii?"

"Hii hii."

Aliinamisha kichwa. Kisha akasimama, akaomba arudishe upya, na safari hii hakuwa na uzi wala nta. "Ugonjwa nimeuelewa. Dawa inavyozuia nimeelewa. Kwamba inabaki kwa mwenye kuchomwa na kwa wajukuu wasioulizwa, nimeelewa. Kwa nini haitawadhuru, sijaelewa, na nilisema nimeelewa." Akakaa. "Siwezi kuwasemea wajukuu wa watu."

Mzee Kibwana alifuta urudishaji wake. Kijana yule alishikilia wake. Alisema yeye ana imani na Mtambo, na kuwaacha watu wanaumwa nako ni dhuluma. Alisema kweli, na aliisema akinitazama mimi. Nilimwitikia kwa kichwa. Lakini alikuwa mmoja, na sheria inataka watatu.

Bi Rukonge aliufunika muhuri kwa kitambaa. Alisema jambo lirudi kwenye furushi, na Mtambo uagizwe kutafuta maelezo yanayoweza kushikwa na kichwa cha binadamu, hata yakichukua miaka. Akatuaga. Mlangoni alinishika mkono kwa muda mrefu, mkunga yule, bila kusema pole.

*

Nilirudi kwa miguu ili nichelewe. Nilipita palipokuwa studio yetu. Siku hizi wanauza vifaa vya sola. Nilitamani kumwambia Mwalimu kwamba darasa lake limefika mbali, na nilitamani pia kumuuliza kama aliwahi kuwa na mtoto mgonjwa nyumbani siku aliyokuwa akilipigania lile neno. Hakuwahi. Alikuwa kapera hadi kufa. Nilimkasirikia kidogo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikapita.

Tausi alikuwa sebuleni, miguu juu ya mto, daftari la hesabu magotini. Ilikuwa siku yake nzuri, hakuwa na maumivu. Aliponiona alifunga daftari.

"Wamesemaje?"

Nilikaa bila kuvua viatu. "Wame…" nikaanza, nikaishia hapo.

Angeweza kulimalizia. Kiswahili kilikuwa kimemwachia nafasi, na maneno mawili yalikuwa yanaitosha: wamekubali, wamekataa. Nilimwona analijua hilo. Nilimwona anataka moja kati ya hayo kwa mwili wake wote. Lakini nimemlea mwenyewe, na nyumba hii haimaliziani maneno. Alifumba midomo, akanisubiri.

"Wamekataa," nikasema.

"Ulikuwa na namna ya kuwafanya wakubali?"

"Nilikuwa nayo. Walishakubali. Nikawarudisha nyuma."

Alilia, nami nikalia, kila mtu kwenye kiti chake. Sikumwendea maana sikuwa na haki ya kubembeleza jeraha nililolitia. Chai ya mchana ilikuwa bado mezani, na nzi mmoja akizunguka ukingo wa kikombe. Baada ya muda Tausi alijifuta uso kwa ukingo wa kanga, akaivuta meza karibu, akafungua daftari ukurasa mweupe.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

Akanipa kalamu. "Nianzishie pale mnapoanza kutoelewa."